Gari kuukuu la spoti kwa barobaro mwenye leseni mpya: namna ya kuamua, hatua kwa hatua

Mpwa wangu alitimiza miaka 18 mwezi wa Shaabani, na kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama alikuwa amekwisha kuniletea picha kwenye simu. Toyota MR2 nyekundu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990: milango miwili, viti viwili, taa za mbele zinazofumba na kufumbua kama macho. Gari lilikuwa limelala chini ya banda la makuti upande wa Casuarina, hapa Malindi, katika nyumba ya mgeni aliyerudi kwao Italia na kuwaachia watu kazi ya kumwuzia vitu vyake.

"Shikamoo, mjomba. Naomba ukaniangalizie hili."

Mamake, ambaye ni dada yangu, alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni mwa gereji, kashika ushungi kwa mkono mmoja. Hakusema kitu. Alinitazama tu, nami nikajua naombwa mambo mawili na watu wawili kwa wakati mmoja.

Swali hili, kama kijana mwenye leseni mpya anunuliwe gari la spoti la zamani, hunijia kila mwaka, hasa vijana wakishamaliza kidato cha nne. Mara ni Subaru Impreza, mara Toyota Altezza, mara BMW ya zamani iliyopakwa rangi juzi. Nimeona niandike ninavyolikabili, ili mzazi asiyejua injini na kijana anayeijua kwa video peke yake wapate pa kuanzia. Jibu langu naliweka mbele: gari la namna hii lisiwe gari lake la kwanza la kuendesha. Linaweza kuwa gari lake la kwanza la kufungua na kufunga, na huko lina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Wazazi, msiyacheke mapenzi ya kijana. Nchi hii imelelewa na mashindano ya magari ya Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili. Colin McRae akashinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, na mpaka leo Subaru ikinguruma Barabara ya Lamu hapa mjini watoto wanageuza shingo. Kijana akiona anachekwa nyumbani, gari atalipata kwa marafiki, usiku, na wewe hujui.

Hatua ya kwanza: itazameni leseni kabla ya kulitazama gari

Sheria ya Kenya haimpi leseni ya gari mtu aliye chini ya miaka 18. Kama wako ana 16 au 17, mazungumzo ya kuendesha barabarani yameishia hapo, hata iwe ni kwenda dukani na kurudi.

Akiwa na leseni, angalieni daraja lake. B1 ni ya gari dogo la otomatiki. Gia za mkono zinataka B2. Vijana wengi siku hizi husomea otomatiki kwa sababu ndiyo magari yaliyojaa mjini, na magari ya spoti ya zamani mengi ni ya gia za mkono. Mwenye B1 akikaa kwenye usukani wa gari la gia, anaendesha kitu ambacho leseni yake haimruhusu, na ajali ikitokea bima imepata sababu ya kukataa kulipa. Mpwa wangu alikuwa na B1. Hilo peke yake lilitupa muda wa kufikiri.

Hatua ya pili: jueni gari linafanya nini dereva akikosea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojidanganya. Mzazi huogopa spidi tu. Kijana hujibu, "Sitakimbia." Huenda anasema kweli. Lakini gari la spoti la zamani linaweza kumtupa dereva mgeni hata pale ambapo hakukusudia kukimbia.

Injini ya MR2 imekaa nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Umepata kumwona hamali akishuka mteremko na mkokoteni ambao mitungi yote ya maji imepangwa nyuma? Akikunja kidogo, mkia wa mkokoteni unataka kumpita. Sasa fikiria kijana ameingia kwenye kona na kuhisi ameingia kwa kasi kuliko alivyodhani. Moyo unaruka, mguu unatoka ghafla kwenye mafuta. Uzito wa gari unahamia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, zinaachia lami, na gari linazunguka. Kile alichokifanya kwa hofu, ambacho kwenye Toyota Axio kingempunguzia mwendo tu, hapa ndicho kilichomwangusha. Toyota wenyewe waliibadilisha miguu ya gari hili, yaani shokabsoba na vishikio vya magurudumu, kwa matoleo ya kuanzia 1992. Umahiri wa kuizuia hofu mguuni haufundishwi darasani. Unakuja kwa maelfu ya kilomita.

Magari yenye injini mbele na msukumo nyuma, kama Altezza, Nissan Silvia na BMW, yana tabia yao: ukikanyaga mafuta mengi kwenye kona yenye maji, mkia unakwenda pembeni. Yenye tabo ya zamani, kile kipuliza hewa kinachoiongezea injini nguvu, yana nyingine: unakanyaga, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu nguvu inakuja yote kwa pamoja, na pengine inakukuta katikati ya kona. MR2 yenye tabo ina nguvu-farasi zaidi ya 200 katika gari la kilo 1,200 na ushei. Vitz ndogo ya cc 1,000 ina zinazokaribia 70.

Kisha kuna vile ambavyo gari hilo halina. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu kufunga ukikanyaga kwa nguvu, kwa namna yake ya kisasa ya kielektroniki ziliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978, lakini kwa miaka mingi zilikuwa za kulipia zaidi, na magari mengi ya spoti ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yalitoka bila hizo. Mfumo unaoitwa ESC, ambao huhisi gari linaanza kuteleza na kufunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha kwenye mstari, ulianza kuuzwa mwaka 1995. Marekani waliulazimisha kwa magari yote madogo mapya ya kuanzia toleo la 2012. Gari la 1991 halina mwenzake huyo. Dereva ni yeye na tairi zake nne.

Nilichukua chaki nikamwandikia mpwa wangu sakafuni. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 14 kusimama tangu breki zishike, na kabla ya hapo limekwenda mita 14 nyingine katika sekunde moja ya kushtuka. Jumla 28. Kwa kilomita 100, breki peke yake zinakula mita 56, na kule kushtuka mita 28. Jumla 84. Spidi imezidi mara mbili, masafa ya breki mara nne. Tukatoka nje tukazipima kwa hatua kutoka mlango wa gereji. Hatua zake 84 ndefu zilimfikisha mbali kupita kibanda cha mama wa mahamri. Alisimama kule akageuka kunitazama, na nadhani siku ile alizielewa hesabu kuliko siku zote za shule.

Halafu ziwekeni hesabu hizo kwenye barabara zetu. Mjini, ambako mwisho wa spidi ni kilomita 50 kwa saa, tuktuk inakata kulia bila indiketa. Njia ya Gede ina msitu kandokando na watu wanaotoka ghafla na baiskeli za makaa. Ukivuka Daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni, unakutana na malori ya chumvi. Magharibi ikiingia, mbuzi wako barabarani na bodaboda haina taa. Mvua ya kwanza ya masika ni mbaya kuliko ya kumi, kwa sababu inaloweka vumbi na oili ya miezi ya kiangazi, na lami inakuwa kama sahani yenye samli.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Marekani, ambako wanahesabu kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 huingia katika ajali zenye vifo kwa kiasi kinachokaribia mara tatu ya madereva wa miaka 20 kwenda juu. Hao wana barabara zenye taa na mistari.

Hatua ya tatu: likagueni, na kijana alale chini ya gari mwenyewe

Nendeni asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha kabla hamjafika, ulizeni sababu. Chukueni tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi, na boksi kuukuu la kulalia. Fundi asiwe rafiki wa muuzaji.

Anzeni na kutu. Malindi ni mji wa chumvi. Kusi ikivuma, upepo unaleta bahari hadi ndani ya kabati la nguo, sembuse gari lililokaa mita mia kadhaa kutoka pwani. Pitisheni sumaku kwenye vizingiti vya milango na juu ya matao ya magurudumu. Pale inapodondoka, chini ya rangi hakuna chuma, kuna pati ya fundi wa bodi. Inueni zulia upande wa abiria, mguse sakafu. Fungueni kisima cha tairi la spea. Angalieni pale jeki inapokaa, kwa sababu gari lisiloweza kubeba uzito wake kwenye jeki halitambeba mwanao likigongwa ubavuni.

Lile jekundu kwa juu lilikuwa linang'aa. Mwuzaji alikuwa amelipaka nta, ukiliona unataka kuliimbia. Nikamwambia mpwa wangu ajilaze, amulike bomba la breki linalokwenda gurudumu la nyuma la kushoto. Ni bomba la chuma, jembamba kuliko penseli.

"Lina magamba, mjomba."

"Likwaruze kidogo na bisibisi. Usisukume."

Akakwaruza. Yale magamba yakatoka kama ya changu, yakamwangukia shavuni. Chini yake chuma kilikuwa cheusi na kimeliwa, na palepale likajitokeza tone la mafuta, dogo kama jicho la sindano, likakua, likaning'inia, likadondoka. Hatukuwa tumelikanyaga pedali. Bomba lile siku ya kukanyagwa kwa nguvu, pengine mbele ya lori la chumvi, lingepasuka, na pedali ingezama hadi sakafuni. Mpwa wangu alinyamaza pale chini kwa muda. Nami sikumwambia kitu.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishakunywa maji huchemka mapema na kula mabomba kwa ndani. Kila miaka miwili yabadilishwe, na kwa hewa yetu hii msiipitishe. Yakiwa ya rangi ya chai ya rangi, yamekwisha kazi.

Tairi zitazameni ubavuni. Kwenye maandishi ya DOT, nambari nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3405 ni wiki ya 34 ya mwaka 2005. Zikiwa nambari tatu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000. Gari lililolala chini ya makuti huwa na tairi zenye meno marefu kama mapya, na mwenye kuuza atakuonyesha meno hayo kwa fahari, lakini mpira wake umekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Tairi iliyopita miaka kumi ni ya kutupwa, haijalishi inavyoonekana. MR2 ina saizi moja mbele na nyingine nyuma. Ukizikuta zote nne zimelingana, mtu amenunua zilizopatikana, na tabia ya gari imeharibika zaidi kule nyuma tulikokuwa tunakuogopa.

Mkanda wa kiti uvuteni wote hadi mwisho. Jua huula kitambaa kikaota nywele. Ukiuvuta kwa ghafla ukwame. Usipokwama, ni pambo. Mkanda mzima hupunguza hatari ya kufa hadi kwa nusu. Sijui spea nyingine kwenye gari yenye thamani hiyo.

Mifuko ya hewa inataka uangalifu wa peke yake huku kwetu. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilirudishwa dunia nzima kwa makumi ya mamilioni, kwa sababu baruti yake huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kisha mfuko ukifumka hurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu ndiyo hewa ya pwani yetu. Baadhi ya Mazda RX-8, Subaru Impreza na BMW za mfululizo wa 3 zilizokuwa sokoni miaka ya 2000 zimo. Chukueni nambari ya chesisi mkaiulizie kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, au muiingize kwenye tovuti yao. Ni kazi ya dakika kumi, na haina malipo. Lisilo na mfuko kabisa, kama mengi ya kabla ya 1995, lina hatari yake nyingine iliyo wazi.

Mengine kwa haraka. Kandamizeni kila pembe ya gari na kuachia: likidunda zaidi ya mara moja, shokabsoba imekufa. Ulizeni mkanda wa taiming, ule wa ndani ya injini, ulibadilishwa lini. Kama hakuna karatasi, hesabuni haujabadilishwa. Petroli ya miaka imwagwe. Angalieni nyaya chini ya boneti, panya hupenda magari yaliyolala. Taa zinazofumba na kufumbua zijaribuni mara kumi mfululizo, kwa sababu jicho moja likigoma kufumbuka usiku njia ya Watamu, wanaokuja watadhani ni bodaboda.

Hatua ya nne: karatasi, bima na spea

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari la 1991 mnaloliona leo liko nchini siku nyingi na limepita mikono mingi. Fanyeni upekuzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi, mlinganishe jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na ya injini kwa macho yenu. Injini za magari haya hubadilishwa sana. Ikiwa mwenyewe yuko ng'ambo, asiwepo mtu wa "nimeachiwa tu niuze" bila hati yenye sahihi ya wakili.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na hiyo mtapata. Ila hiyo humlipa uliyemgonga, haimlipi mwanao wala gari lake. Kwa komprehensivu, ile bima inayolipa hata gari lako mwenyewe, kampuni nyingi husita kwa gari kuukuu na zaidi kwa dereva mchanga. Ulizeni maswali matatu kwa maandishi: mnalikubali gari la mwaka huu? Dereva wa miaka 18 anaingia? Akipata ajali, sisi tunatoa kiasi gani kwanza kabla yenu? Jibu la tatu ndilo huwaketisha wazazi.

Spea ya Probox utaipata Malindi kabla ya adhuhuri. Spea ya MR2 ni simu ya Mombasa, kisha Nairobi, kisha kusubiri Japani. Na gari linalosubiri spea hutiwa za kubahatisha. Huko kubahatisha kwenye breki na miguu ndiko ninakokuogopa.

Hatua ya tano: kijana akae kiti cha abiria kwanza

Gari likipita ukaguzi, au likishatengenezwa, aendeshe mtu mzima mwenye uzoefu wa gari la namna ile, na kijana akae kando. Tafuteni kiwanja kipana kisicho na watu, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa tu, mwagieni maji sehemu moja, mwekeni kijana ahisi breki zisizo na ABS zikifunga magurudumu na usukani ukikataa kugeuka. Wengi hawajawahi kuhisi hilo maishani mwao. Kisha akae yeye kwenye usukani, palepale kiwanjani, arudie mpaka mguu wake ujifunze kulegeza na kukanyaga tena. Mkiwa na leseni isiyofaa kwa gia, muishie kiti cha abiria.

Sikilizeni pia anachosema baada ya kushuka. Akisema "lina nguvu", bado. Akianza kusema "nilihisi nyuma inanyanyuka", huyo ameanza kulisikia gari.

Hatua ya sita: mpangieni magari mawili, moja la barabara na moja la spana

Gari la barabara liwe la kawaida, lenye uzito wa kutosha, lisiwe dogo sana kwa sababu kidogo kikigongana na kikubwa, kidogo ndicho kinacholipa. Axio, Premio, Auris, Impreza isiyo na tabo: haya yana mifuko ya hewa na ABS, na mengi ya karibuni yana ESC. Namna ya kujua ni rahisi. Washeni swichi bila kuwasha injini, mtafute kwenye dashibodi taa yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopindapinda nyuma yake. Iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Toyota huuita mfumo huo VSC, Subaru VDC. Ikiwa taa haiwaki kabisa, ama mfumo haupo, ama mtu ameichomoa balbu kuficha ubovu.

Liwe la nyumbani, lisiwe lake peke yake. Funguo zinazokaa kwa mama huulizwa, na kijana akiuliza hutaja anakokwenda.

Masharti yawe machache na yaandikwe. Sisi tuliandika haya: miezi sita ya mwanzo hakuna rafiki ndani ya gari isipokuwa mtu mzima, kwa sababu kila kijana anayeongezeka humwongezea dereva mchanga hatari. Hakuna kuendesha baada ya Isha, ila kwa dharura ya nyumbani. Simu inakaa kwenye buti. Kila anayepanda anafunga mkanda, hata kama ni bibi na hata kama ni kwenda Maweni. Usiku wa Idd, wakati vijana wanapokwenda na kurudi Barabara ya Lamu wakionyeshana magari, funguo ziko kwa mama.

Dada yangu aliongeza la kwake: masika moja nzima aliendeshe gari la nyumbani akiwa na mimi kando. Nilikubali, na nimegundua mvua ilimfundisha zaidi ya maneno yangu yote.

Na lile la spana? Tulilinunua, kwa bei ya chuma chakavu zaidi ya bei ya gari, nikalileta gereji kwa lori. Makubaliano ni kuwa halitoki mlangoni mpaka mambo matatu yatimie: awe na B2, awe amemaliza mwaka mmoja na gari la nyumbani bila kumgusa mtu, na kila kitu cha kusimamisha gari, kuanzia pedali hadi tairi, kiwe kimepita mikononi mwake mwenyewe. Kijana aliyepinda bomba la breki kwa mikono yake anajua ni nini kinachomsimamisha. Hakanyagi kwa kubahatisha.

Anzeni na breki, si injini. Vijana wote wanataka kuanza na injini. Mabomba yote manne yabadilishwe, mipira yote, mafuta mapya. Kisha mtoe upepo, kazi ya watu wawili: mmoja kwenye pedali, mmoja chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. Anzeni gurudumu lililo mbali na silinda kubwa ya breki, mmalizie la karibu, na chombo cha mafuta kisikauke hata mara moja, la sivyo mnaanza upya.

Jumamosi iliyopita mimi ndiye niliyekaa kwenye pedali na yeye akawa chini.

"Kanyaga, mjomba."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nikasikia spana ikilegea, pedali ikashuka chini ya mguu wangu, na povu likapita kwenye chupa. "Bado lina upepo. Usiachie. Nafunga... haya, achia."

Tulirudia mara kumi na moja kwenye gurudumu lile la nyuma la kushoto. Mara ya kumi na mbili pedali ilisimama nusu ya njia, ngumu kama jiwe, na kwenye chupa hapakutoka hata povu moja.

"Limeshika," akasema kutoka chini. Kisha akauliza kama tunaweza kurudia mara moja zaidi, ahakikishe.